Utani Una Wenyewe

Asubuhi za mwezi wa saba Dodoma zina upepo unaopenya hata sweta. Siku ile nilifika ukumbini saa kumi na moja alfajiri nikakuta foleni imeshauzunguka ukuta. Vijana wamejifunika khanga za mama zao, wengine wamekalia maboksi, na mama muuza vitumbua amewasha jiko katikati yao. Kila baada ya dakika chache mtu anasogea kuota moto akijifanya anauliza bei.

Nilikuwa na miaka 22, nimemaliza chuo, sina kazi. Rafiki yangu alinitafutia kibarua cha siku tatu kwenye shindano la kuimba la televisheni lililokuwa likizunguka mikoani. Shilingi 20,000 kwa siku na chakula cha mchana. Shindano lenyewe sitalitaja, wala majaji wake.

Kazi yangu ilikuwa kubandika watu stika za namba kifuani na kujaza fomu. Jina, umri, anatoka wapi, anafanya kazi gani, analelewa na nani. Chini kabisa ya fomu kulikuwa na visanduku viwili visivyoandikwa kitu. Maelezo yake tulipewa kwa mdomo na dada aliyetusimamia: cha kwanza weka tiki ukiona mtu ana stori, yaani yatima, kaponea ajali, mama yake yuko hospitali. Cha pili weka tiki ukiona anaweza kuchekesha. Nikamuuliza, kuchekesha vipi? Akanijibu, "Utamjua tu ukimwona."

Nilimjua. Alikuwa namba 212. Amevaa koti la suti la mtu mnene kuliko yeye, mikono ya koti imemeza vidole, na begani amening'iniza zeze lililofungwa ndani ya mfuko wa sandarusi. "Mbukwenyi," alisema kwa mazoea, halafu akashtuka na kujirekebisha: "Shikamoo, dada." Tulikuwa karibu rika moja, yeye miaka 19. Anatoka kijiji kimoja upande wa Hombolo, anafanya vibarua kwenye mashamba ya zabibu, anaimba kwaya kanisani. Alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kigogo ambayo naijua tangu sijaanza kutembea, maana ndiyo ya bibi yangu mzaa mama.

Nikaweka tiki kwenye kisanduku cha pili.

Watazamaji wengi wanaamini kwamba wale majaji watatu wanaowaona kwenye kioo ndio waliowasikiliza watu wote waliopanga foleni. Haiwezekani, hesabu yenyewe inakataa. Kuna chumba cha kwanza, hakina taa kali wala jukwaa, kina meza ya plastiki na watu wawili watatu wa kampuni. Kila mshiriki anaimba nusu dakika. Mashindano makubwa ya Marekani na Uingereza nayo yanachuja hivyohivyo kabla majaji maarufu hawajafika, na jambo hilo kule si siri. Wanaochaguliwa ni wazuri sana na wabaya sana. Wa katikati, wale wanaoimba vizuri tu kama mtu yeyote kanisani kwenu, wanashukuriwa na kurudishwa nyumbani.

Sasa fikiria anachoambiwa yule mbaya sana. Haambiwi kwamba ameteuliwa ili achekwe. Anaambiwa, "Hongera, umepita, kesho unaonana na majaji."

Namba 212 alitoka kwenye chumba kile akitetemeka. Simu yake haikuwa na salio, akaniomba yangu ampigie mama yake. Nilisimama pembeni nikasikia kigelegele cha yule mama kikitoka kwenye simu, kirefu, mpaka vijana waliokuwa karibu wakageuka na kutabasamu. Nilikuwa nimeiona fomu yake. Nilijua amepita kwa sababu gani, na sikusema neno.

Kesho yake alikuja na koti lilelile, limepigwa pasi. Mlangoni wakamwambia vyombo vya muziki haviruhusiwi, ingawa kabla yake alikuwa ameingia kijana na gitaa. Akanikabidhi mimi zeze lake. Nikalishika, nikasimama kwenye upenyo wa mlango, pale vibarua tulipokuwa tunachungulia.

Aliimba wimbo wa Bongo Flava uliokuwa unavuma mwaka ule. Alianza juu mno, na ulipofika mahali pa kupanda zaidi sauti ikakatika. Kosa la kawaida kabisa la mtu mwenye woga, mwalimu yeyote wa kwaya angemwambia shuka kidogo, anza tena. Jaji mmoja akamuuliza anatoka wapi. Aliposema, jaji akamwangalia mwenzake, kisha akasema: "Aaa, Mgogo! Baba, hapa hatutoi sadaka. Hapa tunatafuta vipaji." Mwingine akaongeza, "Hebu tuombe basi, tuone."

Nilimwona 212 akitabasamu. Tabasamu lile ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwa sababu naelewa lilitoka wapi. Alidhani ni utani. Alikuwa anawaangalia usoni mmoja mmoja akitafuta mtani wake ni yupi ili amrudishie.

Msomaji aliyekulia Tanzania anajua ninachosema. Utani una wenyewe. Sisi Wagogo tuna watani zetu, Wahehe wakiwemo, na baba yangu na rafiki yake wa Iringa waliitana majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini kila neno lililokwenda lilirudi. Baba akimwita mla mbwa, naye aliitwa ombaomba kabla hajameza chai yake. Na siku baba alipofariki, mzee yule alifika kabla ya ndugu wengi. Aliingia na kelele zake, akavaa kofia ya marehemu, akatembea kama marehemu, akamdai mama yangu pesa mbele ya waombolezaji, mama akacheka akiwa analia. Kisha akavua shati na kushika jembe. Ndiye aliyechimba kaburi. Kwetu anayeruhusiwa kukucheka ndiye anayetakiwa kukuzika.

Pale ukumbini hakukuwa na kurudisha. Kipaza sauti cha jaji hakizimwi, cha mshiriki kinazimwa. Jaji anakaa, mshiriki anasimama kwenye alama ya gundi aliyoonyeshwa asitoke. Na hata kama 212 angejibu jibu la kuangusha nyumba, mwenye uamuzi wa jibu hilo kusikika ni mtu aliyeko Dar es Salaam mbele ya kompyuta ya kukatia picha, ambaye hawajawahi kuonana.

Halafu yale maneno yenyewe, ombaomba, jina tulilobandikwa Wagogo. Vijana wengi wanaoyatupa hawajui yalikotoka. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake habari za Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, mpaka mwaka 1920. Majeshi ya Wajerumani kwanza, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka, yakawachukua wanaume kuwa wapagazi, na mvua nayo ikakataa. Watu walikufa, wengine wakatembea nchi za mbali wakiwa hawana kitu mkononi. Wazee waliokuwa na maghala yaliyojaa waligeuzwa waombaji na vita ya watu wengine. Karne moja baadaye mjukuu wao amesimama kwenye alama ya gundi anaambiwa hebu tuombe tuone, na taa zote zimemwelekea.

Nilikuwa nimefika kwenye tabasamu. Majaji walipoona hakasiriki, mmoja akataka waendelee kufurahi kidogo: "Haya, imba basi cha kwenu." Akaimba. Ulikuwa wimbo wa wanawake wanaotwanga uwele, aliniambia baadaye kwamba alifunzwa na bibi yake. Sauti za Kigogo huanza juu, mahali ambapo mtu asiyezoea angedhani ni kilio, kisha hushuka kwa ngazi ndogondogo huku zikitetemeka, na mwimbaji anaacha nafasi ambazo wenzake wangejaza. Hakukuwa na wenzake. Zile nafasi zilikaa tupu ukumbini na zikawa nzuri hivyohivyo. Mpiga picha alitoa jicho kwenye kamera akamtazama kwa macho yake. Jaji aliyesema habari za sadaka alikuwa ameinamisha kichwa. Ulipokwisha hakuna aliyesema kitu kwa muda, kisha wakakumbuka kazi yao: hapana, hapana, hapana, asante, mwingine.

Kipindi kilirushwa wiki kadhaa baadaye, Jumapili jioni. Niliangalia nyumbani kwa shangazi, Chang'ombe. Sauti yake ilipokatika wakawa wameweka mlio wa tarumbeta ya kuchekesha. Maneno ya sadaka yalikuwepo. Lile tabasamu lilikuwepo, wamelirudia mara mbili kwa mwendo wa polepole. Kisha ikaonyeshwa jaji anacheka mpaka anajishika tumbo, na hapo nikasimama, maana kicheko kile nilikuwepo kilipotokea. Kilitokea siku ya kwanza mchana, kiti cha mmoja wa majaji kilipovunjika mguu wakiwa wanakula. 212 alikuwa hata hajaingia mle ndani. Walikikata kule wakakiunga huku. Wimbo wa pili haukuwepo.

Klipu ikaingia WhatsApp usiku uleule. Ndani ya wiki moja niliipokea kwenye makundi manne, kundi la ukoo mmojawapo.

Mimi sivichukii vipindi hivi. Nimekua navyo. Mwaka 2003 Mwisho Mwampamba alipokuwa wa pili Big Brother Africa nilikuwa mtoto na nililia kama vile ni kaka yangu. Richard Bezuidenhout aliposhinda mwaka 2007 nyumbani kwetu hakulalika, na mwaka 2014 Idris Sultan alipochukua dola 300,000 nilipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango. Napenda kuona mtu asiyejulikana akijulikana. Ndiyo maana nilikwenda kuomba kile kibarua. Ndiyo maana pia baada ya siku ile nilianza kusoma yaliyowapata wengine, na nikasoma kwa miaka.

Nilipofika kwa Sinisa Savija niliweka simu chini. Alikuwa mkimbizi kutoka Bosnia aliyepata makazi Sweden, na mwaka 1997 alishiriki msimu wa kwanza kabisa wa Expedition Robinson, shindano la watu kuishi kisiwani na kutoana kwa kura, kile ambacho Marekani baadaye walikigeuza kuwa Survivor. Wenzake walimpigia kura awe wa kwanza kutoka kisiwani. Akarudi nyumbani, na wiki chache baadaye, kabla kipindi hakijarushwa, alijitoa uhai. Mke wake alieleza kwamba mumewe alikuwa na hofu moja: kwamba watakata mazuri yote aliyoyafanya na kumwacha aonekane mpumbavu. Hakuwa ameona hata picha moja. Alijua tu kwamba mkasi uko kwa mtu mwingine. Kipindi kilirushwa mwaka huohuo, kikapendwa, kikazunguka dunia.

Hana Kimura wa Japani alikuwa na miaka 22, umri wangu nilipokuwa nabandika stika. Alikuwa mwanamieleka, akaingia kwenye kipindi cha Terrace House cha vijana wanaoishi nyumba moja. Mwaka 2020 kikaonyeshwa kipande ambapo vazi lake la mieleka limeharibika kwa sababu mwenzake hakulitoa kwenye mashine ya kufulia, naye akamkasirikia kijana yule na kumtoa kofia. Basi, ni hivyo tu. Matusi yaliyomfuata mtandaoni hayakukoma, na tarehe 23 Mei mwaka huo alifariki kwa mkono wake mwenyewe. Mama yake alilalamika kwamba watayarishaji walimchochea, kituo kikakana, na mwaka 2021 chombo cha maadili ya utangazaji cha Japani kikasema kituo kilikosea kimaadili kwa kutomjali binti aliyekuwa tayari ameumia. Mwaka 2022 bunge lao likabadili sheria. Kosa la kumtukana mtu hadharani, ambalo adhabu yake ilikuwa kifungo cha chini ya siku 30 au faini ya chini ya yeni 10,000, likafika mwaka mmoja jela au yeni 300,000.

Sisi tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo, na faini yake haipungui shilingi milioni 5, kifungo hakipungui miaka mitatu. Ni vizuri ipo. Lakini sheria kama hii, ya kwetu na ya Japani, inamkamata aliyetuma matusi na kumwacha aliyetengeneza klipu. Aliyeandika komenti ya matusi alipewa mtu wa kumtukana akiwa ameshapikwa na kupakuliwa.

Uingereza walikwenda mbele hatua moja. Mwaka 2007 mwigizaji wa India, Shilpa Shetty, alidharauliwa na wenzake ndani ya nyumba ya Celebrity Big Brother, wakicheka namna anavyozungumza na namna anavyopika. Malalamiko zaidi ya 40,000 yalimfikia msimamizi wa utangazaji, mdhamini akajitoa, kituo kikaonekana kimevunja kanuni. Shilpa mwenyewe akashinda shindano. Mwaka 2019 kipindi cha Jeremy Kyle, cha watu kuanika ugomvi wao mbele ya kamera, kikafutwa baada ya mgeni wake mmoja kufariki siku chache tu baada ya kurekodiwa, na kufikia mwaka 2021 kanuni mpya zikawataka watangazaji wawalinde washiriki wenyewe. Kabla ya hapo kanuni zililinda zaidi anayeangalia. Nikisoma namba ile ya malalamiko 40,000 najiuliza kwa 212 alilalamika nani. Hata mimi niliyeona kila kitu sikuandika barua.

Ningetaka mambo ambayo si makubwa. Mshiriki apewe nakala ya mkataba kwa Kiswahili aende nayo nyumbani siku mbili, akamsomee baba au mjomba, maana mimi niliona wakisaini wamesimama, karatasi zimewekwa mgongoni mwa mwenzao aliye mbele. Apewe haki ya kuona kipande chake kabla hakijarushwa. Na kabila lake liwe nje ya mizaha, kabisa. Najua watayarishaji watasema bila vichekesho watu hawaangalii. Waje Chamwino mwezi wa saba kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, linalofanyika tangu mwaka 2009. Wataona vikundi kutoka vijijini vikipokezana uwanjani, akina mama wamebana ngoma za muheme mapajani, na watu wamesimama juani mpaka jioni bila kumwona hata mmoja akidhalilishwa.

Mwaka jana nilishuka treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, usiku, nikaita bodaboda. Nikamwambia ninakokwenda. Akawasha pikipiki, kisha akaizima.

"Wewe ni dada wa stika."

Alinitambua kwa sauti. Mimi nilimtambua alipovua kofia. Tulikwenda kwenye kibanda cha chai, tukakaa mpaka muuzaji akaanza kukusanya viti. Ameoa, ana mtoto wa kike. Aliniambia jinsi makonda walivyokuwa wakimwita Sadaka kila akipanda gari la kwenda mjini, jinsi siku moja kanisani aliposimama na kwaya mtoto mmoja alipaza sauti kuliita jina hilo na watu wazima wakacheka, na hakurudi tena kwaya. Alisimulia taratibu, bila kunilaumu, kwa kuwa hakujua bado.

Nikamwambia habari za tiki.

Alikaa kimya. Akauliza, "Walikulipa?"

"Elfu 20 kwa siku."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei ya soko. Akageuza kikombe chake. Kisha akauliza swali ambalo nimelibeba tangu usiku ule.

"Dada, ule wimbo wa pili waliuweka wapi?"

Alikuwa anauliza kweli. Baada ya kile kipindi mama yake alimwambia asiwe na wasiwasi, bila shaka wameuhifadhi kwa ajili ya Jumapili nyingine, kwani watu hawawezi kuonyesha baya tu na jema wakalitupa. Kwao hakukuwa na televisheni. Mama yule alitembea kila Jumapili jioni mpaka kwenye kibanda umiza cha kijiji cha pili, akalipa kiingilio, akakaa kwenye benchi katikati ya vijana waliomjua ni mama yake nani, akisubiri. Alifanya hivyo mpaka msimu ulipokwisha na mshindi akatangazwa.

Nilimwambia kwamba niliwahi kuulizia zile picha, nikaambiwa zimefutwa kupisha nafasi. Nikamwomba ruhusa niandike. Alifikiri, akasema niandike, jina lake nisiweke, kijiji nisiweke, lakini niseme aliimba nyimbo mbili.

Mama, shikamoo. Kama yupo wa kukusomea haya: nyimbo zilikuwa mbili. Nilisimama mlangoni na zeze la mwanao mikononi, na ule wa pili niliusikia wote.